Namna ya kufuatilia mabadiliko ya sheria za fiziotherapia katika jimbo lako la Marekani

Maswali ni yale yale. "Nimesikia Texas sasa mgonjwa anaingia kliniki bila barua ya daktari, ni kweli?" "Leseni yangu ya Ohio naweza kwenda nayo Arizona?" "Muswada umepita, nianze Jumatatu?" Anayeuliza mara nyingi ni fizio aliyesomea KMTC Nairobi au KCMC Moshi, akahangaika na makaratasi hadi akapata leseni ya Marekani, na sasa anagundua kwamba sheria aliyoikariri wakati wa kuomba leseni imeshabadilika.

Mkenya amezoea Sheria ya Fiziotherapia ya 2014 na baraza moja kwa nchi nzima. Marekani haiko hivyo, kwani hakuna leseni ya taifa. Kila jimbo lina sheria yake, bodi yake na ratiba yake ya kubadilisha mambo. Ndiyo maana swali la "Marekani wanaruhusu?" halina jibu. Linalojibika ni hili: jimbo gani, kuanzia tarehe gani, na kwa kifungu kipi.

Kabla ya kuanza

Kaa na vitu hivi karibu:

- Namba ya leseni yako, tarehe inayokwisha, na orodha ya majimbo yote unakotibu, pamoja na wagonjwa unaowatibu kwa video.
- Anwani ya tovuti ya bodi ya jimbo lako. Ukiipata kupitia tovuti ya FSBPT, shirikisho la bodi hizi ambalo ndilo linaloendesha mtihani wa NPTE, huwezi kuangukia tovuti bandia ya wauza kozi.
- Anwani ya tovuti ya bunge la jimbo.
- Barua pepe yako binafsi. Ya kazini utaiacha siku utakayobadilisha mwajiri, na arifa za bodi zitaendelea kwenda huko.
- Daftari au faili moja la kuandikia tarehe. Karatasi inatosha.

Wakili hahitajiki katika hatua hizi. Atahitajika kama umepokea barua ya malalamiko kutoka kwa bodi, na hapo usijibu peke yako.

Hatua ya 1: Hakikisha ni jimbo gani linalokuhusu

Sheria inayokubana ni ya mahali alipo mgonjwa wakati unamtibu. Ukikaa Ohio ukamwelekeza mazoezi kwa video mgonjwa aliye Kentucky, umefanya kazi Kentucky.

Hapa ndipo mkataba wa majimbo unaoitwa PT Compact unapochanganya watu. Ulipata nguvu mwaka 2017 baada ya majimbo 10 kuupitisha, na vibali vya kwanza vilitolewa 2018. Tangu hapo majimbo yamekuwa yakijiunga moja moja, kila moja kwa kupitisha sheria yake. Ramani iliyo kwenye tovuti ya mkataba inaonyesha nani yumo na nani ameshaanza kutoa vibali. Hayo ni mambo mawili tofauti: jimbo linaweza kupitisha sheria leo na likachukua muda mrefu kabla ya kuanza kutoa kibali.

*Kosa la kawaida:* kudhani mkataba ni leseni moja ya majimbo yote. Sivyo. Unahitaji leseni hai ya jimbo unaloishi, rekodi isiyo na adhabu ya kinidhamu katika miaka miwili iliyopita, kisha unanunua kibali kwa kila jimbo unalotaka kufanyia kazi. Baadhi ya majimbo yanataka pia ufanye mtihani wao wa sheria kabla ya kukupa kibali. Leseni ya nyumbani ikikwisha, vibali vyote vinakufa nayo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Pakua sheria mama na kanuni zake, na uziweke mbali mbali

Sheria mama hutungwa na bunge la jimbo. Kanuni hutungwa na bodi kwa mamlaka iliyopewa na sheria hiyo. Texas, kwa mfano, sheria mama ni sura ya 453 ya Occupations Code, na kanuni ziko Title 22, Part 16 ya Administrative Code. California sheria inaanzia kifungu cha 2600 cha Business and Professions Code, na kanuni ziko Title 16. Jimbo lako lina jozi kama hiyo.

Usisome zote kwa mkupuo. Tafuta sehemu hizi na uziwekee alama: maana ya fiziotherapia (hapo ndipo mipaka ya kazi yako ilipo), rufaa ya daktari, usimamizi wa wasaidizi, kuhuisha leseni, na makosa ya kinidhamu. Mabadiliko karibu yote yatakayokugusa yatatua kwenye mojawapo ya sehemu hizo.

Andika tarehe uliyopakua juu ya kila nakala. Nakala isiyo na tarehe ni hatari kuliko kutokuwa na nakala, kwa sababu utaiamini.

Hatua ya 3: Jua bunge lako linakaa lini

Bunge la Texas hukutana katika kikao cha kawaida kila mwaka wa namba witiri, kuanzia Januari, kwa siku 140. Miswada yake mingi huanza kutumika 1 Septemba. California hukaa karibu mwaka mzima, na sheria zake nyingi huanza 1 Januari inayofuata. Nebraska ina nyumba moja tu ya bunge. Kwingine kote kuna mbili.

Ukishajua ratiba, hofu inapungua. Fizio wa Texas hana sababu ya kukesha akitafuta miswada mwezi Oktoba wa mwaka shufwa, ila gavana akiitisha kikao maalumu. Lakini bodi yake inaendelea kukutana, na kanuni hubadilika hata wabunge wakiwa makwao.

Hatua ya 4: Tafuta miswada, na utafute kwa maneno sahihi

Nenda kwenye tovuti ya bunge la jimbo, au tumia LegiScan inayokusanya miswada ya majimbo yote. Usitafute kwenye Congress.gov, hiyo ni ya bunge la taifa, na muswada wa jimbo hautauona hata ukeshe.

Andika kwa Kiingereza, ndani ya alama za kunukuu, kama sheria inavyoandika: "physical therapist", "physical therapy", "physical therapist assistant". Kisha ongeza mada zinazogombaniwa: "dry needling" (sindano kavu, yaani kuchoma misuli kwa sindano nyembamba isiyo na dawa), "direct access" (kumtibu mgonjwa bila rufaa ya daktari), "telehealth" (tiba kwa video). Halafu tafuta namba ya sura ya sheria yako mama, maana muswada unaobadilisha sura hiyo lazima uitaje.

*Kosa la kawaida, nalo ndilo linalouma zaidi:* kutafuta neno "physical therapist" peke yake. Mwaka 2019 Texas ilipitisha HB 2059 (HB ni House Bill, muswada ulioanzia nyumba ya wawakilishi) inayowataka wahudumu wa afya wa aina nyingi wasome kozi ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ndipo wahuishe leseni. Kichwa chake hakitaji fiziotherapia hata kidogo, lakini fizio wa Texas asiye na cheti cha kozi hiyo hahuishi. Kwa hiyo tafuta pia "health care practitioner" na "license renewal".

Ukiupata muswada unaokuhusu, bonyeza kitufe cha kufuatilia na uweke barua pepe yako. Andika namba yake pamoja na mwaka. Namba hurudiwa kila kikao: HB 29 ya 2019 na HB 29 ya kikao kilichofuata hazina undugu wowote.

Hatua ya 5: Soma muswada wenyewe

Vichwa vya habari husema "Wagonjwa sasa kwenda moja kwa moja kwa fizio." Muswada husema mengine. Katika majimbo mengi maneno yaliyopigwa mstari chini yanaongezwa, na yaliyokatwa yanaondolewa. Yasiyo na alama ndiyo sheria iliyopo tayari. Anza na yaliyopigwa mstari, kisha nenda mwisho kabisa ukasome tarehe ya kuanza kutumika.

Neno "shall" ni lazima, "may" ni ruhusa. Ukikuta "the board shall adopt rules", jua kazi haijaisha. Bodi bado itatunga kanuni, na huko ndiko maelezo ya kila siku yatakakokaa.

Suala la kumtibu mgonjwa bila rufaa linaonyesha vizuri kwa nini unahitaji kusoma mwenyewe. Nebraska iliruhusu tangu 1957. Michigan ilipoanza tarehe 1 Januari 2015, majimbo yote 50 yalikuwa na ruhusa ya namna fulani. Utasikia watu wakisema "majimbo yote yanaruhusu", na hawasemi uongo. Lakini tazama ruhusa hizo zilivyoandikwa:

- Michigan, sheria iliyoanza 2015: siku 21 au matibabu 10, lolote litakalotangulia, kisha agizo la daktari.
- California, sheria iliyoanza 2014: siku 45 au ziara 12, kisha daktari aidhinishe mpango wa matibabu.
- New York, sheria ya 2006: ziara 10 au siku 30, na fizio awe na uzoefu wa miaka 3.
- Texas, HB 29 ya 2019: siku 10 mfululizo za kazi, au 15 kwa mwenye udaktari wa fiziotherapia na mafunzo ya ubingwa, tena kwa masharti mengine ya sifa na bima.
- Illinois, sheria ya 2018: unaanza bila rufaa, ila mgonjwa asiyeonyesha nafuu baada ya ziara 10 au siku 15 za kazi unampeleka kwa daktari.

Siku za kalenda na siku za kazi si kitu kimoja. Lililo muhimu zaidi, namba hizi ni za sheria kama zilivyopitishwa, na vyama vya mafizio vinarudi bungeni karibu kila kikao kuomba ziongezwe. Usizikariri kutoka hapa. Fungua kifungu cha jimbo lako leo uone namba iliyopo.

Hatua ya 6: Fuata muswada hadi saini na tarehe

Muswada huanza kwenye kamati, na mingi hufia huko bila kelele. Ukitoka, hupigiwa kura katika nyumba ya kwanza, huenda ya pili, kisha kwa gavana. Gavana akitia saini, au muda wake wa kikatiba ukipita bila kuukataa katika majimbo yanayokubali hivyo, unakuwa sheria. Hata hapo bado unasubiri tarehe ya kuanza.

Kwenye daftari lako andika safu hizi kwa kila muswada: namba na mwaka, kifungu kinachobadilishwa, ulipofikia, tarehe ya kuanza, na kama bodi inatakiwa kutunga kanuni. Safu ya mwisho ndiyo watu wanaiacha wazi.

*Kosa la kawaida:* kubadilisha kazi siku gavana anapotia saini. Kati ya saini na tarehe ya kuanza, sheria ya zamani ndiyo inayokuhukumu.

Ukitaka kusema neno, lisemee kwenye kamati, kwa barua fupi kwa mbunge wa eneo unaloishi. Huhitaji kuwa raia ili kutoa maoni. Mwenye leseni anayelipa ada jimboni ana hoja ya kutosha.

Hatua ya 7: Fuata kanuni za bodi

Hii ndiyo hatua iliyo tajiri kuliko zote na inayopuuzwa kuliko zote. Mswaki wa bunge hupita juu juu. Bodi ndiyo huingia kwenye meno: saa ngapi za masomo endelevu, kozi zipi zinakubaliwa, msaidizi asimamiwe vipi, faili la mgonjwa liandikwe nini, aliyesoma nje ya nchi apimwe kwa chombo gani.

Kanuni iliyopendekezwa hutangazwa kwenye gazeti rasmi la jimbo. Texas Register hutoka kila Ijumaa, na umma hupewa siku 30 kutoa maoni. California hutoa siku 45. Jiandikishe kwa arifa za bodi na usome ajenda ya kila mkutano wake. Mikutano iko wazi kwa umma, na bodi nyingi huirusha mtandaoni. Unaweza kuisikiliza ukipika.

Maoni mazuri ni mafupi. Taja namba ya kifungu. Eleza mgonjwa wa aina gani ataguswa na kwa vipi. Pendekeza maneno mbadala. Barua ya "napinga vikali" isiyo na kifungu wala pendekezo inahesabiwa tu, haitumiki. Na usiweke jina wala habari za mgonjwa yeyote, kwa sababu maoni hayo ni hati ya umma.

Hatua ya 8: Chungulia milango mingine miwili

Mlango wa kwanza ni mahakama na mwanasheria mkuu wa jimbo. Mfano wake ni sindano kavu, ile "dry needling" ya Hatua ya 4. Katika North Carolina, bodi ya fiziotherapia ilisema mafizio wanaweza kuitumia, bodi ya tiba ya vitobo (acupuncture) ikaenda mahakamani, na Desemba 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo ikawapa haki mafizio. Hakuna muswada uliopita hapo. Kwingine ni maoni ya mwanasheria mkuu yaliyofungua au kufunga njia. Kwa hiyo usichukue sindano kwa sababu ulifundishwa kwenye kozi ya wikiendi. Cheti cha kozi hakipanui mipaka ya leseni, na California mipaka hiyo haijumuishi kutoboa ngozi kwa sindano kavu.

Mlango wa pili ni mlipaji. Medicare, bima ya afya ya serikali ya taifa inayohudumia hasa wazee, si sheria ya jimbo, lakini ndiyo inayoendesha kliniki nyingi. Tangu 1 Januari 2025 imelegeza masharti kwa kliniki binafsi: fizio halazimiki tena kuwa ndani ya jengo wakati msaidizi anamtibu mgonjwa wa Medicare, mradi anapatikana kwa simu. Wengi walishangilia wakasahau kwamba kama sheria ya jimbo inataka uwepo ndani ya jengo, bado utakuwepo. Kanuni iliyo kali zaidi ndiyo unayoifuata. Vivyo hivyo kwenye rufaa: jimbo linaweza kukuruhusu kumwona mgonjwa bila barua, na bima yake ikakataa kulipa bila hiyo barua.

Hatua ya 9: Badilisha kazi yenyewe

Tarehe ya kuanza ikikaribia, chapisha kifungu kipya na uketi na msimamizi wako. Angalieni fomu ya kumpokea mgonjwa, maelezo anayosaini, namna ya kuhesabu siku au ziara, na bima yako ya makosa ya kitaalamu kama inagusa huduma mpya. Kliniki ambayo sheria imebadilika na fomu hazijabadilika itakamatwa kwenye ukaguzi wa mafaili.

Kwa ambaye bado yuko nyumbani

Kama uko Nairobi, Moshi au Muscat ukisubiri, kanuni zinazokuhusu ni za tathmini ya vyeti, mtihani wa Kiingereza na NPTE, ambao alama ya kufaulu ni 600 kwa kipimo cha 200 hadi 800. Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, lakini masharti ya kukuruhusu uufanye yanatoka kwenye jimbo ulilochagua. FSBPT ina mwongozo unaolinganisha majimbo; utumie kuchagua, kisha hakikisha kila kitu kwenye kanuni za bodi yenyewe kabla ya kulipa FCCPT (shirika linalotathmini vyeti vya mafizio waliosoma nje ya Marekani) au mtathmini mwingine. Watu hulipia tathmini ambayo jimbo lao haliipokei, na pesa hiyo hairudi.

Mambo yakikwama

*Muswada siuoni.* Angalia mwaka wa kikao uliochagua. Tovuti nyingi hufungua kikao cha sasa tu. Angalia pia kama ni HB au SB (Senate Bill, muswada ulioanzia seneti). Mara nyingine muswada ulikufa, maneno yake yakahamishiwa kwenye muswada mwingine. Tafuta kwa namba ya kifungu badala ya namba ya muswada.

*Tarehe imefika, bodi haijatoa kanuni.* Soma sheria yenyewe. Kama inajitosheleza, inatumika. Kama inasema huduma itatolewa "kwa kufuata kanuni za bodi", subiri, na uiandikie bodi kuuliza ratiba. Tunza jibu.

*Bodi imenijibu kwamba haitoi ushauri wa kisheria.* Ni jibu la kawaida. Usiulize "naweza kufanya hivi?" Uliza "ni kifungu kipi kinahusu jambo hili, na je, bodi imewahi kutoa tamko juu yake?" Hilo watalijibu.

*Mwajiri anasema sheria mpya haituhusu.* Mwajiri anaweza kuwa mkali kuliko sheria: akitaka rufaa kwa kila mgonjwa, ni sera yake. Hawezi kuwa mlegevu kuliko sheria. Akikuambia usimamie wasaidizi wengi kuliko kanuni inavyoruhusu, leseni inayowekwa rehani ni yako, yake haimo. Mwombe akuandikie.

*Mfumo unakataa kuhuisha leseni.* Mara nyingi ni kozi mpya ya lazima uliyoikosa, au cheti kimetoka kwa mtoa kozi asiyeidhinishwa. Angalia orodha ya watoa kozi kwenye tovuti ya bodi. Fanya ukaguzi huu miezi mitatu kabla ya leseni kwisha, kwani leseni ikishapita tarehe huruhusiwi kumgusa mgonjwa hata kama ada umeshalipa.

*Vyanzo viwili vinapingana.* Chama cha mafizio kinasema hili, kundi la WhatsApp linasema lile, programu ya akili bandia inasema la tatu. Fungua kifungu kwenye tovuti ya jimbo, tazama mstari mdogo wa chini unaotaja mwaka kilipobadilishwa mara ya mwisho, na uandike mwaka huo kwenye faili lako pembeni ya jibu.